Nafasi Mbili za Darasa la Juu

Bordesley Green, Birmingham
2 Machi 2025

Mama Ivan, dada yangu,

Wiki hii nimekupigia simu mara nne na zote umezikata, nikasema basi, mwenyekiti ana shughuli zake. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Siku ile kanisani uliniambia mwenyewe kwamba katika Shule ya Jozi hakuna habari ya wasapu wala imeli, anayetaka jambo aandike kwa mkono, tena kwa Kiswahili. Haya, mkono wangu ndio huu. Miaka hii yote mkono huu umezoea kujaza fomu za wazee ninaowatunza, kwa hiyo univumilie.

Ni kuhusu Awuor. Unakumbuka nilimwacha kwa mama yangu Kisumu akiwa na miaka mitatu, nikaja huku tukapanga kile chumba mimi na wewe. Sasa ana miaka tisa. Alifika Januari, nikampeleka shule ya hapa karibu, na kwa kweli walimu si wabaya. Shida ni kwamba wanamkalisha pembeni na kitabu cha picha za wanyama, kana kwamba hajawahi kuona ng'ombe. Watoto wenzake wakisikia anavyotamka Kiingereza wanacheka. Siku hizi hasemi tena, hata nyumbani. Mtoto aliyekuwa akipiga hesabu na wanunuzi pale sokoni Kibuye kwenye meza ya bibi yake, leo nikimuuliza ameshiba anatikisa kichwa tu. Kitu kimoja ndicho anachokisema, kila Jumapili baada ya ibada: nitarudi kwa Nyanya lini?

Nimempa ahadi, na nimempa mama yangu pia. Likizo ya kiangazi ikiisha kabla sijampatia shule ambako atafungua mdomo, nitamrudisha. Brigid, nimemkosa miaka sita. Nikimrudisha safari hii najua sitampata tena.

Nasikia darasa la juu lina nafasi mbili. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati inayoandikisha watoto. Nisaidie.

Wako,
Achieng


Moseley
9 Machi 2025

Mpendwa Mama Awuor,

Barua nimeipata. Mwandiko wako bado ni wa kuku, lakini nimekusoma.

Usinune kuhusu simu. Mtu wa kamati haruhusiwi kuongea na mzazi aliyeleta ombi. Barua tu, na barua zote za maombi zinaingia kwenye faili ambalo kila mjumbe hulisoma. Kwa hiyo ukiandika kwa kamati, mambo ya kile chumba yaache huko huko. Tulikotoka hakuwahusu, na sitaki waseme napendelea watu wangu.

Sasa nikueleze ukweli wa mambo, maana umeingia katikati ya ugomvi. Shule yetu ni ya serikali, hailipiwi, lakini inafuata njia ya Montessori na lugha mbili. Watoto wanaingia wakiwa na miaka mitatu na wanakua pamoja hadi kumi na miwili. Tangu Krismasi tunabishana kama mtoto mkubwa, ambaye hakupitia mikononi mwetu, anaweza kuingizwa darasa la juu. Mwalimu Henriette wa darasa hilo, Mkongomani, hataki kusikia. Anasema mtoto aliyelelewa kwa kengele na fimbo atamwaga kwa wiki moja utulivu alioujenga kwa miaka. Mzee Navnit, katibu wetu, mzaliwa wa huko huko Kisumu kwenu, anamjibu kwamba watoto wa darasa la juu ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na tukiwafungia nje wanaokijua, lugha mbili zitabaki kwenye kibao cha langoni. Wazazi wawili waliobaki kwenye kamati wamegawanyika vile vile. Na mimi, unanijua, niko upande wa mtoto.

Leta ombi kwa Mzee Navnit. Atapangiwa siku ya kutazamwa, asubuhi moja darasani. Nadhani tarehe 27.

Wako,
Brigid Kimani


Bordesley Green
13 Machi 2025

Dada Brigid,

Nimepeleka ombi na tarehe 27 imekubaliwa. Nilipomwambia Awuor kwamba kuna shule ambayo mwalimu anasema Kiswahili, alinitazama kwanza kuona kama namtania. Halafu akaniuliza, "Chote?" Ukiacha lile swali la Jumapili, hilo ndilo neno la kwanza alilosema bila kuulizwa tangu mwezi uliopita, nikaingia bafuni nikalia kidogo.

Lakini mimi hiyo Montessori siijui hata kwa dawa. Kutazamwa ni mtihani? Watamuuliza hesabu, watampa insha? Yeye anajua utaratibu wa shule za kwetu tu. Niambie nimwandae vipi, nifuate neno kwa neno. Sina mwingine wa kumuuliza.

Nimebadilishana zamu na Sunita wa kazini ili nimlete mwenyewe. Sare yangu ya kazi nitaificha ndani ya koti.

Achieng


Moseley
17 Machi 2025

Achi wangu,

Hii si ya faili, ni yetu wawili.

Wala usihangaike. Hakuna mtihani. Wanachotazama ni tabia, na hapo wewe umeshashinda, maana mama yako anajua kulea. Mwambie afanye kama sisi tulivyofanya mbele ya wageni. Akiingia asimame mpaka aonyeshwe kiti. Akikaa, mikono iwe mapajani. Darasa limejaa vitu vizuri kwenye rafu, shanga, ramani, vyungu vidogo vya kumiminia maji. Asiguse hata kimoja mpaka aambiwe. Asizunguke. Asiseme mpaka asemeshwe, na akisemeshwa ajibu kwa sauti ya chini. Wenzake wakimwita wacheze, akatae kwa heshima. Mwalimu Henriette ni mtu wa adabu sana, mtoto mtulivu anamyeyusha.

Mkazie hayo kila siku mpaka yamwingie. Nataka nikija kusimama mbele ya kamati niseme, huyu ametoka nyumba yenye malezi.

Na koti livae, lakini si lazima uingie. Mwache langoni.

Brigid


Shule ya Jozi, Kamati ya Uandikishaji
3 Aprili 2025

Kwa Bi. Magdalene Achieng,

Kamati imejadili ombi la mtoto Awuor la kuingia darasa la juu. Katika siku ya kutazamwa, mtoto alikaa kwa muda wa saa tatu bila kuchagua kazi yoyote, bila kuinuka kitini, na bila kuwasemesha wenzake, ingawa alikaribishwa. Njia yetu inamtaka mtoto wa umri huu aongozwe na hamu yake mwenyewe. Kamati haikuona dalili ya hamu hiyo, na inahofia kwamba mtoto amechelewa kuipata.

Kwa sababu hiyo ombi limekataliwa. Rufaa, kama ipo, iandikwe kwa Katibu ndani ya siku thelathini.

Brigid Kimani
Mwenyekiti

Achi, nimepigania mpaka sauti ikakauka. Pole sana. Pengine kwa bibi yake ndiko kwake.


Bordesley Green
7 Aprili 2025

Dada,

Nimesoma hiyo barua nimesimama kwenye korido, nimevua kiatu kimoja tu. "Amechelewa kuipata." Miaka tisa, Brigid. Mtu wa miaka tisa anachelewa nini?

Siku ile ya tarehe 27 nilimchukua akiwa anang'aa. Akaniambia hakugusa kitu, hata mvulana mmoja alipomsogezea sanduku la shanga alikataa kwa heshima, kama nilivyomfundisha. Nikamsifu njia nzima, basi zima likatusikia. Sasa ilipokuja hii barua hasira zikanipanda na nikamgombeza. Nikamwambia amekaa kama gunia la viazi, amenipotezea nafasi, akili yake ameiacha Kibuye. Tangu hapo amerudi kwenye kutikisa kichwa, na Jumapili hakuuliza lile swali lake, nami sikujua kama nifurahi au niogope.

Najua wewe ulijitahidi, wala sikulaumu. Uniambie tu, hiyo rufaa inafaa kujaribiwa?

Achieng


Bordesley Green
14 Aprili 2025

Kwa Mzee Navnit,
Katibu wa Kamati

Mzee wangu, pokea salamu.

Nimesubiri jibu la mwenyekiti lakini naona amebanwa, na siku thelathini zinakwenda, kwa hiyo nakata rufaa mwenyewe.

Nina neno moja tu. Mmeandika kwamba Awuor hana hamu. Mzee, huyo mtoto ana hamu mpaka inamuumiza. Alikaa saa tatu mbele ya vitu ambavyo hajawahi kuviona, na jioni akanitajia kila kilichokuwa kwenye rafu, kimoja kimoja, na rangi yake. Hakugusa kwa sababu alikatazwa kugusa. Nilimkataza mimi. Na sikujitungia, nilifuata ushauri wa mwenyekiti wenu, ambaye ni rafiki yangu wa zamani na alinielekeza kwa upendo. Naambatanisha nakala ya barua yake ya tarehe 17 Machi ili muone kwamba mtoto si mzembe, ni mtiifu. Aliniambia ni ya sisi wawili, lakini naamini hatachukia nikiitumia kumtetea mtoto ambaye na yeye alimpigania.

Kama kuna kosa ni la kutoelewana tu kati ya watu wema. Mrudisheni siku moja, nami nitamwambia aguse mpaka achoke.

Wako mtiifu,
Magdalene Achieng


Sparkhill
6 Mei 2025

Binti yangu Achieng,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Mimi ni mtu wa duka, baba yangu aliuza vitambaa Kisumu, na nimezoea kusema bei waziwazi. Hii imenishinda, lakini kukuficha kutakuwa vibaya zaidi.

Kila mzazi anayeleta ombi hupewa kijitabu chetu. Wewe hukupewa. Mwenyekiti alisema atakupelekea kwa mkono wake. Ukurasa wa nne unasema hivi: "Usimfundishe mtoto kungoja. Mwambie kila kilicho kwenye rafu ni chake kuchagua, na anayeketi bila kuchagua hatapokelewa." Kijitabu hicho amekiandika Bi. Brigid mwenyewe, miaka mitatu iliyopita.

Jambo la pili. Kura zilikuwa mbili kwa mbili. Mimi na mzazi mmoja tulimtaka mtoto wako, nikasema waziwazi kwamba mtoto wa Kenya aliyelelewa vizuri hushika mikono yake penye vitu vya watu, na kwamba hata mimi Mhindi nililelewa hivyo hivyo. Bi. Brigid akanijibu kwamba yeye ametoka huko na hajui desturi hiyo. Akapiga kura ya tano. Hakuna mtu aliyempigania mtoto wako zaidi ya sisi wawili.

Nimesoma nakala yako mbele ya kamati. Mwalimu Henriette alitoka nje akakaa ngazini. Bi. Brigid amejiuzulu. Kamati mpya itakutana Julai, na mimi naamini itafungua mlango. Tafadhali usimrudishe mtoto kabla ya hapo.

Nakuomba radhi kwa niaba ya shule.

Navnit


Moseley
11 Mei 2025

Achieng,

Kumbe ulikuwa na akili ya kupiga nakala.

Najua unaketi hapo na swali moja mdomoni, kwa nini. Nitakujibu kwa sababu sina tena cha kulinda. Katika mtaa huu watu wanajua nilikuja Birmingham kwa masomo ya uzamili. Mama mkwe wangu anajua hivyo. Kimani mwenyewe anajua nusu. Katika jiji zima ni wewe peke yako unayejua kwamba nilikuwa nikioga kwenye nyumba ya wazee tulikofanya kazi kwa sababu chumba chetu hakikuwa na maji ya moto, na kwamba kitanda ulichokiacha asubuhi nilikilalia mimi kingali na joto lako. Mwanao angeingia, ungekuwa langoni kila siku saa tisa na nusu na lile koti, ukiniita "dada" mbele ya watu kwa ile sauti yako. Ungemsimulia Vandana na wazazi wengine tulivyogawana yai. Kwa nia njema tu. Nia yako ni njema siku zote, Achieng, ndiyo inayonichosha.

Sikukuchukia. Nilitaka usiwepo.

Ningeweza kukukatalia mapema, lakini Mzee Navnit angenishinda, kwa sababu mwanao anasema Kiswahili kama maji yanavyotoka bombani. Kwa hiyo nilitafuta kitu ambacho wewe ungekifanya kwa mikono yako. Haikuchukua hata dakika kumi kuandika.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, chukua na huu. Siku ile nilikuwa nyuma ya kioo. Alifanya vizuri mno. Ivan wangu alipomsogezea shanga aliziangalia mpaka nikamwona anameza mate, halafu akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Saa tatu. Nilikuwa na uwezo wa kufungua mlango niseme, simama mama, chagua. Nilimaliza chai yangu.

Ivan nimemhamishia shule ya Sutton Coldfield. Kiswahili chake hakikuwa kitu.

Brigid


Sparkhill
21 Julai 2025

Binti yangu Achieng,

Kamati imekaa jana. Kuanzia sasa darasa la juu linapokea watoto wakubwa, na ukurasa wa nne tumeuandika upya. Jina la kwanza kwenye orodha ni Awuor. Hatatazamwa tena. Mwalimu Henriette ameomba nikuandikie kwamba kiti kiko tayari kuanzia tarehe 3 Septemba na kwamba yeye mwenyewe atakuwa langoni.

Niletee jibu, hata la mstari mmoja. Nimefurahi kama mtoto.

Navnit


Bordesley Green
9 Agosti 2025

Brigid,

Sikukujibu Mei kwa sababu sikuwa na la kukuambia ambalo lingekugusa. Sasa ninalo, na kama halitakugusa, basi ulisome tu ujue.

Awuor alipewa nafasi. Nilimkalisha kitandani nikamsomea barua ya Mzee Navnit kutoka mwanzo. Nikamwambia yeye hakukosea siku ile, kwamba mimi ndiye niliyedanganywa na mtu niliyemwamini, na kwamba sasa mlango uko wazi na mwalimu anamngoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka akatoa sanduku chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo zake. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema likizo imefika, na nilimwahidi kwamba atarudi.

Nilimbembeleza siku nne. Nilimpigia mama yangu simu nikamwomba amwambie akae, mama akamwambia, Awuor akairudisha simu mezani taratibu. Neeta wa kazini kwetu alikuwa akisafiri kwenda Kisumu na familia yake tarehe 5. Ameondoka nao.

Kuna jambo sikukuambia Aprili, wala Mzee Navnit sijamwambia. Barua yenu ya kukataa ilipofika sikumgombeza tu. Nilimpiga. Nilimpiga kwenye ile mikono, kwa kile kiatu kimoja nilichokuwa nimekivua, nikimwambia kila mara, mbona hukugusa, mbona hukugusa. Hakulia. Aliendelea kuinyoosha mpaka nikachoka.

Asubuhi ya safari nilimwambia tena, nikitafuta lolote la kumzuia. Nikamwambia aliyetuharibia ni wewe, nikakutaja kwa jina. Alikuwa akifunga zipu. Akaniuliza kwa sauti kamili, Kiswahili safi kabisa ambacho sikuwa nimekisikia tangu barua ile ifike, "Na aliyenipiga ni nani?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Basi," akaburuta sanduku mpaka mlangoni.

Achieng